Kiko cha zamani: namna ya kukitambua na kukisafisha bila kukiharibu

Viko vingi vya zamani haviharibiwi na wavutaji bali na wasafishaji. Mtu hukuta kiko cha babu sandukuni, kimeganda masizi na kinanuka, akakitosa kwenye maji ya sabuni au kwenye spiriti usiku kucha. Asubuhi rangi imetoka, pete ya fedha imelegea, na kama kilikuwa cha jiwe kimelainika kama chaki iliyolowa. Ndiyo maana kazi huanza kwa kutambua kiko kimetengenezwa kwa kitu gani. Kinachookoa mbao huua jiwe, na kinachofaa mpira hupasua kaharabu, yaani utomvu wa kale wa miti uliogeuka mgumu kama jiwe.

Majina kwanza

Kiko cha maji cha pwani kilikuwa na majina yake tangu zamani: bori ni kibakuli cha tumbaku, digali ni mrija unaotoka kwenye bori kwenda kwenye kifuu chenye maji, na mdakale ni mrija wa kuvutia. Majina hayo yanatosha kwa kiko kisicho na maji pia. Bori ni kichwa chenye tundu la tumbaku, digali ni shingo iliyoungana na bori, na mdakale ni kile kipande cheusi kinachochomoka. Ncha nyembamba ya mdakale inayoingia ndani ya digali tutaiita ulimi, na upande unaong'atwa tutauita mdomo.

Tazama kabla ya kugusa

Piga picha pande zote mbili za digali, chini yake, ndani ya bori na mdakale wote. Weka taa au tochi pembeni, karibu na usawa wa kiko, ili mwanga upite juu ya maandishi kwa mshazari. Stempu (alama ya mtengenezaji iliyogongwa kwenye kiko) iliyofifia huonekana vizuri zaidi kwenye picha ya simu iliyopigwa hivyo kuliko kwa macho. Ukianza kusugua kabla ya kupiga picha, unaweza kufuta herufi mbili ndogo ambazo ndizo zilikuwa na thamani yote ya kiko.

Kisha jua ni cha kitu gani.

Mbao ya kawaida ni braya, yaani nundu inayoota kati ya mizizi na shina la mti wa Erica arborea. Mti huo hukua hata kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, lakini nundu zinazochongwa viko hutoka nchi za Mediterania. Mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ulianza kuitumia katikati ya karne ya 19. Utaitambua kwa mistari yake: upande mmoja mistari iliyosimama, upande mwingine vidoa vidogo kama macho ya ndege. Baadhi ya viko vya braya vina uso wenye makunyanzi kama ganda la jozi. Huo si uchafu, usiusawazishe. Uso huo hutokana na kupigwa mchanga kwa shinikizo la hewa.

Jiwe ni sepioliti, ambalo wauza viko huliita mirishamu. Ni laini kiasi kwamba ukucha hulikwaruza, na lina vitundu vidogo vingi vinavyonyonya. Gusa kwa ncha ya ulimi wako mwenyewe mahali pakavu pasipo na nta, kwa mfano ukingo wa ndani wa digali: mirishamu hunata kidogo, plastiki hainati. Angalia pia ndani ya bori, kwa kuwa viko vingi ni vya mbao kwa nje na vina kikombe cha jiwe kwa ndani. Hivyo vinahesabika kama vya jiwe wakati wa kusafisha.

Kiko cha chapa ya Falcon utakijua kwa digali yake ya alumini na bori linalofunguliwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Usivute mdakale wake kwa nguvu. Fungua bori tu.

Mdakale nao una tabia zake. Ukiwa wa kijani-kahawia kama tope na ukiusugua kwa kidole gumba unanuka salfa, ni eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa. Ukiwa bado unang'aa baada ya miaka 50, mgumu na wa baridi ukiushika, na hauna harufu, ni akriliki. Wenye nyuzinyuzi ndani ni pembe. Wa rangi ya asali, unaopitisha mwanga na wenye nyufa ndogo huenda ni kaharabu, na hapo alkoholi ni marufuku kabisa.

Kusoma stempu

Jina la nchi ndilo shahidi bora wa tarehe, maana nchi hubadilisha majina na stempu hufuata. Kiko cha kampuni ya Peterson ya Dublin kilichoandikwa Irish Free State kinatuelekeza kwenye dola iliyokuwepo kati ya 1922 na 1937. Kilichoandikwa Republic of Ireland ni cha mwishoni mwa miaka ya 1940 au baada yake. Kwa Peterson kuna mtego mmoja unaowanasa wengi: pete ya nikeli yenye alama tatu za jani la shamroki, mbwa na mnara. Alama hizo si za fedha, ni pambo la kampuni. Fedha halisi ya Uingereza ina simba anayetembea, pamoja na alama ya mji uliopima (nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London) na herufi ya mwaka. Herufi hiyo inasomwa kwa jedwali la mji husika, kwa sababu kila mji ulikuwa na mpangilio wake.

Kwa Dunhill, kampuni ya London, doa jeupe juu ya mdakale halitoshi, maana doa ni rahisi kuigwa. Tafuta tarakimu ndogo baada ya neno ENGLAND. Inaonyesha mwaka, ila tarakimu ileile hujirudia muongo baada ya muongo, hivyo isome pamoja na ukubwa wake, mahali ilipokaa na maandishi mengine. Kwa Comoy's, nayo ya London, herufi C ya zamani kwenye mdakale ilipachikwa kwa vipande vitatu vilivyotobolewa kimoja ndani ya kingine. C iliyopigwa juu juu ni ya baadaye. Viko vya zamani vya chapa ya GBD vina kidude cha shaba cha mviringo kilichopachikwa kwenye mdakale, na kikikosekana huenda mdakale umebadilishwa.

Na kuna kiko kilichoandikwa KIKO. Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani ni utani, lakini lilikuwa jina la biashara la Kilimanjaro Pipe Company ya Arusha, lenye tembo kwenye mdakale. Jiwe lake lilichimbwa kwenye bonde la Amboseli, upande wa Sinya, karibu na mpaka wa Kenya, na jiwe hilohilo liliuzwa pia kwa watengenezaji wa Ulaya. Stempu ya Made in Tanganyika inakiweka kiko kabla ya Muungano wa 1964 au muda mfupi baada yake, kwa kuwa kiwanda hakitupi stempu siku jina la nchi linapobadilika. Made in Tanzania ni ya baada ya hapo. Utakuta vya jiwe tupu, vya mbao vyenye kikombe cha jiwe, na vilivyovikwa ngozi. Jiwe la Amboseli kwa kawaida ni zito kuliko la Eskişehir nchini Uturuki, na mara nyingi lilitiwa rangi ya kahawia yenye mabaka au nyeusi. Usione mabaka hayo ukadhani ni uchafu ukaanza kuyasugua. Walanguzi hulidharau jiwe hili. Kwa kuvutia huenda wana hoja, lakini kwa mkusanyaji wa Afrika Mashariki hakuna kiko kinachostahili uangalifu zaidi.

Vifaa

Andaa waya za pamba za kusafishia viko, 20 hivi. Zile za rangi ambazo watoto wa shule hutengenezea maua ni za poliesta, hazinyonyi, na huacha nyuzi ndani. Weka pia vijiti vya masikio, pamba, msasa namba 80, 220, 400, 600, 1000 na 2000, kijiti cha mviringo chenye unene wa kidole, nta ya kanauba, glavu na barakoa. Vumbi la masizi ya miaka 40 si la kuvuta, na nikotini iliyoyeyuka kwenye alkoholi hupenya ngozi.

Alkoholi iwe ethanoli au isopropili ya asilimia 95 au zaidi. Spiriti ya bluu au zambarau ya kuwashia jiko ina methanoli na vichungu: isiguse kitu kitakachoingia mdomoni. Konyagi nayo haifai, kwa kuwa ina kilevi asilimia 35 tu. Kilichobaki ni maji, na maji huvimbisha mbao. Fanya kazi mbali na moto, dirisha likiwa wazi.

Kuchomoa mdakale

Shika bori na digali kwa mkono mmoja, mdakale kwa mwingine, vidole vikiwa karibu na kiungo. Zungusha kuelekea kulia, kama mshale wa saa, huku ukivuta polepole. Wengine huzungusha kushoto kwa mazoea. Ulimi ukiwa wa skrubu ya chuma iliyolegea, kuzungusha kushoto huing'oa kutoka kwenye mdakale.

Ukigoma, usitumie koleo. Tia kiko kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, weka kwenye friza dakika 20 hadi 30, kisha jaribu mara moja. Eboniti husinyaa kwa baridi kuliko mbao, na lami iliyoganda hupoteza mnato. Bado ukigoma, dondosha matone mawili matatu ya alkoholi kupitia bori, kiko kikiwa kimeinama ili yafike kwenye kiungo, subiri saa moja, rudia friza. Hatua hiyo ya matone ni kwa mbao tu. Kiko ambacho kimetoka kuvutwa na bado ni cha moto kisichomolewe kabisa. Ulimi huwa umevimba, na kinachovunjika ni ulimi au digali kupasuka, na vyote viwili ni hasara.

Bori la mbao

Ndani ya bori kuna ganda la kaboni. Si uchafu wote, kwani ganda jembamba hulinda mbao na joto. Linalotakiwa ni unene wa milimita 1 hadi 1.5, sawa na sarafu nyembamba. Likizidi hapo, kaboni hutanuka kwa joto tofauti na mbao, na bori hupasuka kuanzia ukingo wake wa juu kushuka chini. Kama kiko ni cha kuhifadhi tu, au hujui kilivutiwa nini, toa lote ili uone ukuta. Ufa mara nyingi hujificha nyuma ya masizi.

Zungushia msasa namba 80 kwenye kijiti, ingiza, zungusha bila kukandamiza. Mwaga vumbi kila baada ya mizunguko kumi. Ukianza kuona mbao, hamia namba 220. Kisu chenye ncha kali ndicho adui mkubwa hapa: huchimba sakafu ya bori chini ya tundu la hewa, na shimo hilo halijai tena. Ukiona doa jeusi ambalo ukilibonyeza kwa ukucha linabonyea kama mkaa, mbao imeungua ndani. Kiko hicho kitabaki cha kuangaliwa.

Mdomo wa bori wenye gamba jeusi la lami, futa kwa pamba iliyonyevuka kidogo kwa mate. Ndiyo, mate. Wasafishaji wengi wa viko huanza nayo kwa sababu hulainisha lami bila kuondoa rangi. Yakishindwa, tumia pamba yenye sabuni ya mche iliyokamuliwa karibu kukauka. Kuweka bori kichwa chini kwenye msasa na kulikata mdomo ni njia ya mwisho. Huchukua sehemu ya milimita ambayo hairudi, na hubadilisha umbo ambalo mchongaji alilikusudia.

Tundu la hewa

Hapa ndipo harufu inapokaa. Lowesha waya wa pamba kwa alkoholi, pitisha kutoka digali hadi bori, tupa, chukua mwingine. Waya wa kwanza utatoka mweusi, wa tano kahawia. Endelea hadi utoke na rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo, kisha mweupe. Viko vilivyopuuzwa humaliza waya 15 bila tatizo. Ukuta wa tundu la ulimi ndani ya digali usafishe kwa vijiti vya masikio.

Waya usipopita, lami imekauka kama gundi. Chukua biti ya drili isiyozidi kipenyo cha tundu, kwa kawaida milimita 3.5, na uizungushe kwa vidole. Usiifunge kwenye mashine, maana tundu la kiko kilichopinda halikunyooka na biti itatoka upande wa pili.

Peterson ya mfumo wa System, uliopewa hataza 1890, ina kisima kidogo ndani ya digali chini ya tundu la hewa, pa kukusanyia unyevu. Waya hupita juu yake bila kukigusa. Kisafishe kwa kijiti cha sikio kilichopindwa, la sivyo kiko kitaendelea kunuka na hutajua kwa nini. Mdomo wake wenye tundu la juu ni rahisi kusafishwa kwa kupitisha waya kutoka upande wa ulimi.

Harufu ikibaki, jaza bori pamba bila kuikandamiza, chomeka waya wa pamba kwenye digali hadi uguse pamba, kisha dondosha alkoholi mililita 3 hadi 5 mpaka pamba ilowe. Kiegemeze bori likiwa chini, saa 12 hadi 24. Alkoholi ikipanda kwa mvuke huacha lami kwenye pamba, ambayo itageuka kahawia. Rudia hadi pamba itoke safi. Wapo wanaotumia chumvi ya mawe badala ya pamba. Inafanya kazi, lakini punje zikiingia kwenye digali huvuta unyevu, na digali nyembamba imewahi kupasuka kwa hilo mara nyingi. Pamba haina hatari hiyo. Baadaye acha kiko kikauke saa 48 kabla ya kukiunganisha.

Bori la mirishamu

Sahau kila kioevu kilichotajwa hapo juu. Maji na alkoholi hulainisha jiwe, na rangi ya asali iliyojijenga kwa miaka ya moshi hutoka kwa usiku mmoja.

Jiwe halihitaji ganda la kaboni hata kidogo, kwani lenyewe huvumilia joto. Ganda likiachwa hunyonya unyevu, likatanuka na kulipasua jiwe. Liondoe lote kwa msasa namba 220 mkavu ulioviringishwa kwenye kijiti, bila haraka, ukikishika kiko mkononi na si kwenye jiliwa. Ukuta ni mnene wa milimita chache tu, na kikombe cha ndani kwenye kiko cha mbao ni chembamba zaidi. Ukiona rangi ya krimu, simama.

Digali la jiwe lisafishe kwa waya kavu nyingi. Lami ikigoma kabisa, waya ulioguswa alkoholi kisha kukamuliwa kwenye kitambaa unaweza kupita mara moja, ukifuatwa na mkavu papo hapo. Nje, tumia raba nyeupe ya penseli kwa madoa, kisha kitambaa kikavu. Usilisugue pambo wala mabaka ya rangi ya kiko cha Arusha. Nta ya nyuki safi, iliyoyeyushwa kwa maji ya moto chini yake, hupakwa nyembamba kwa brashi laini kwenye jiwe lililopashwa joto polepole kwa kikaushia nywele, ikanyonywa, na inayobaki juu hufutwa. Kiko kilichovikwa ngozi kisipate nta hiyo. Ngozi ipate krimu ya viatu isiyo na rangi, tone moja, mbali na mdomo wa bori.

Ulimi uliolegea kwenye jiwe usiuzungushie karatasi wala uzi mnene. Jiwe la digali hupasuka kwa kusukumwa kutoka ndani.

Mdakale wa eboniti

Rangi ya kijani-kahawia ni salfa iliyopanda juu kwa jua, joto na unyevu. Paka mafuta ya mgando juu ya nembo, tembo au doa, kisha loweka mdakale peke yake kwenye maji ya vuguvugu yenye kijiko cha sabuni ya unga ya oksijeni, saa moja hadi nne. Maji yatageuka kahawia na mdakale utatoka mbaya zaidi ya ulivyoingia, wenye uso wa unga. Ndivyo inavyotakiwa: uoza umelegea. Dawa ya klorini ya kuweupisha nguo hutoa uoza haraka zaidi, lakini huacha vitundu vidogo ambavyo hakuna msasa utakaoviondoa bila kuupunguza mdakale.

Alama za meno zishughulikie kabla ya msasa. Chomeka waya wa pamba ndani ili tundu lisizibe, pitisha mwali wa kiberiti cha gesi juu ya bonyeo kwa sekunde 5 hadi 10 bila kusimama. Eboniti hukumbuka umbo lake na huinuka. Akriliki haifanyi hivyo, na kaharabu itapasuka. Tundu lililotobolewa na meno lizibe kwa supagluu iliyochanganywa na unga wa mkaa, acha saa 24, kisha sawazisha.

Sasa msasa wa maji: 400 kwenye sehemu zenye uoza tu, kisha 600, 1000, 2000 kwa mdakale mzima. Kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka moja, mikwaruzo yake itaonekana siku utakapong'arisha. Zuia msasa usifike kwenye ukingo unaokutana na digali. Acha mdakale umechomekwa na kipande cha plastiki bapa katikati, la sivyo ukingo utakuwa mviringo na kiungo kitaonyesha mwanya milele. Malizia kwa polishi ya plastiki kwenye kitambaa cha pamba, kisha uuoshe mdakale kwa maji na sabuni ndani na nje.

Kumaliza na kuunganisha

Bori la braya lipakwe kanauba kidogo sana kwa kitambaa cha pamba, lisuguliwe hadi lipate joto mkononi. Kanauba huyeyuka zaidi ya nyuzi 80 za Selsiasi, nta ya nyuki karibu 63, ndiyo maana braya iliyopakwa nta ya nyuki hunata kila inapopata joto. Uso wenye makunyanzi usipakwe nta nzito, itaganda kwenye mifereji na kuwa kama ukungu mweupe.

Mdakale ukirudi unaingia kwa kuzungusha kulia uleule. Ukilegea baada ya kusafishwa, mara nyingi ni kwa sababu lami iliyokuwa inaujaza imetoka. Subiri wiki moja, mbao ikitulia huenda ukabana wenyewe. Ukibana mno, pitisha ncha ya penseli kwenye ulimi, grafiti inatosha.

Pima mwisho kwa kuvuta hewa tu, bila tumbaku. Hewa ipite bila mlio. Kiko cha maji kililia kwa haki yake, na pwani sauti ile ilikuwa na jina, malio ya kiko. Kiko cha mbao kikilia hivyo kuna unyevu au uzi wa pamba uliobaki kwenye kiungo. Chomoa, pitisha waya mkavu, uangalie kama ulimi unafika hadi mwisho wa tundu lake. Pengo la milimita mbili hapo linatosha kukusanya maji na kurudisha harufu yote uliyoitoa.

Kihifadhi mahali pakavu, mbali na jua la dirishani, mdakale ukiwa umechomekwa ili digali isisinyae. Nyumba za pwani zina unyevu mwingi, kwa hiyo usikifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kisanduku cha mbao au kitambaa cha pamba kinatosha.